Nani Aliyewapokea Wazee Wetu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.



Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, mama mmoja aliingia katika chuo chetu hapa Mji wa Kale akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Hakuja kulipa ada wala kuulizia masomo. Alikuja kuuchukua msahafu wa mtoto na kuaga. Familia hii asili yake ni Mukalla, pwani ya Hadhramaut. Vita vilivyoikumba Yemen mwaka 2015 viliwatoa kwao, wakahangaika hapa na pale kwa miaka kadhaa, mwisho wakafika Mombasa, ambako nyanya wa mama huyu alizaliwa. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu kwa Kiswahili cha kusitasita alichofunzwa na nyanya yake huyo:

"Maalim, wenzake humwita mkimbizi. Humwita Mshihiri, kisha wakacheka. Mimi maneno nimeyazoea. Lakini sitaki mwanangu aichukie Qurani kwa sababu ya watu aliokaa nao jamvini."

Niliwatazama wanafunzi wangu. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Kijana ambaye sauti yake hupanda juu kuliko zote katika kucheka, mimi namjua yeye, namjua babake, na nilimjua babu yake. Jina la ukoo analolibeba ni la Kihadhrami. Mzee wake wa kwanza alishuka Bandari ya Kale akiwa na kanzu moja mwilini na kifurushi cha tende mkononi, akawa akiuza maji katika vichochoro hivi hivi ambavyo mjukuu wake leo huvipita akiamini kwamba ni vyake tangu dunia iumbwe.

Sikumwambia neno siku ile. Nilimwomba mama yule aketi, nikaagiza aletewe maji ya kunywa, nikamwomba anipe muda wa mwezi mmoja. Makala haya ni sehemu ya deni la mwezi huo. Nayaandika kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa Mshihiri, na jina lile lililomliza mtoto wa watu ndilo nililoitwa mimi nikiwa na umri kama wake.

Waliokuja na kaskazi

Bahari yetu ina pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu, nayo ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na pwani ya Bara Hindi. Kusi hufuata, nayo ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha. Kwa mamia ya miaka watu walikuja na pepo hizi wakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, wakarudi na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Wengine hawakurudi.

Miongoni mwa waliobaki ni watu wa Hadhramaut. Sisi huku tuliwaita Washihiri kwa ajili ya mji wa Shihr, mojawapo ya bandari walizotokea, ijapokuwa wengi wao walitoka mbali na bahari, katika mabonde ya bara. Nchi yao ni kavu. Mvua ikikosekana msimu mmoja tu, mwaka huwa mgumu. Kwa hiyo desturi yao ilikuwa ni kuwapeleka vijana ng'ambo: Java, Singapore, Bara Hindi, Hijazi na Afrika Mashariki, ili wawatumie fedha waliobaki nyumbani. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, na Wajapani wakaiteka Java na Singapore mwaka 1942, fedha za kutoka mashariki zilikatika. Ukame ukaja juu yake. Katika miaka ile ya 1940 Hadhramaut ilipatwa na njaa ambayo wazee waliisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu asimuliaye habari za maiti wake.

Marehemu babangu aliikimbia njaa hiyo. Alifika Mombasa kwa jahazi katika kaskazi ya mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Hakuwa na baba wala mama safarini. Alikuwa na jina la mtu mmoja wa kijijini kwao ambaye alisikia kwamba ana duka huku, na hakujua duka hilo liko mtaa gani.

Yafaa vijana wetu wajue kwamba kuwa Mshihiri katika Mombasa ya wakati ule hakukuwa heshima. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi na kabila, na sisi wenyewe tukawapanga tena kwa nasaba na kwa kazi. Washihiri walishika kazi ambazo wengine waliziona duni. Walikuwa wapagazi bandarini. Walizunguka na madele ya kahawa, wakigonganisha vikombe ili watu wajue kwamba kahawa imefika. Walichota maji visimani na kuyapeleka nyumba kwa nyumba kwa madebe na kwa mapipa yaliyosukumwa juu ya mikokoteni, maana nyumba nyingi za watu wa kawaida hazikuwa na bomba. Wengine walilala ndani ya viduka vyao, juu ya magunia, ili kuokoa kodi ya chumba. Walichekwa kwa nguo zao, kwa matamshi yao na kwa ubahili wao. Waliowacheka hawakujua kwamba nusu ya kile walichokinyima kinywa chao kilikuwa kikivuka bahari kwenda kumlisha mama.

Jembe la siku ya tatu

Tuna methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huitumia kwa kejeli, kana kwamba maana yake ni kumwambia mgeni, umetuchosha, fanya kazi au ondoka. Mimi nimeishi na methali hii tangu utotoni, na nimeifahamu vingine. Jembe halina maana bila shamba. Anayekupa jembe amekuonyesha kwanza mahali pa kulima. Amekuamini na chombo chake. Amekutoa katika hali ya kulishwa na kukuingiza katika hali ya kulisha. Katika siku mbili za kwanza wewe ni mgeni wa watu, na siku ya tatu umekuwa mmoja wao.

Hivyo ndivyo alivyofanyiwa babangu. Usiku wake wa kwanza alilala katika ukumbi wa msikiti. Imamu alimkuta alfajiri, akamuuliza anamtafuta nani, akamtuma mtoto ampeleke. Mwenye duka hakuwa jamaa yake wa damu. Hata hivyo alimpa chakula, mahali pa kulala na kazi ya kufagia, na kwa mwaka mzima hakumpa mshahara. Msomaji wa leo ataona kwamba hiyo ni dhuluma, na pengine kwa mizani ya leo ni hivyo. Lakini katika mwaka huo kijana alijifunza Kiswahili, vipimo, hesabu, na majina ya wateja pamoja na ya watoto wao. Mwaka ulipotimia, mwenye duka alimpa bidhaa za kwenda kuuza mwenyewe kwa mali kauli.

Neno hili, mali kauli, limeanza kusahauliwa, nami nataka mama zetu walifundishe majumbani. Mtu alikuwa akikupa bidhaa bila fedha, bila hati na bila rehani. Kilichoandikwa ni kauli yako tu. Ukiuza, unarudisha thamani ya mali na kubaki na faida yako, au mnagawana kama mlivyoagana. Haina riba ndani yake, na pale faida inapogawanywa inakaribiana na ile mudharaba tunayoisoma katika vitabu vya fikihi. Uzito wake uko katika hatari anayoikubali mwenye mali. Mgeni yule angeweza kupanda jahazi na kusi na asionekane tena. Maelfu walipewa mali namna hiyo, na wengi walirudisha, kwa sababu aliyeaminiwa mara ya kwanza katika nchi ya ugeni huichunga amana hiyo kuliko macho yake.

Kaya isiyo na baba

Babangu alioa hapa hapa, kwa Waswahili wa Mji wa Kale, akajaaliwa watoto watano. Mimi ndiye wa kwanza. Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na mmoja, alifariki ghafla baada ya swala ya isha. Aliacha kiduka chenye mali kidogo na deni lisilo dogo. Upande wa baba hatukuwa na ami wala shangazi katika nchi hii. Wote walikuwa ng'ambo, na barua ya kuwapasha habari ilichukua miezi.

Mamangu aliingia eda ya miezi minne na siku kumi. Msomaji mwanamke anaelewa maana yake: mjane mwenye watoto watano, hatoki kwenda kutafuta, na mlango hauna mwanamume. Katika muda wote huo mimi sikumbuki siku tuliyolala na njaa. Majirani walipangana zamu. Wa nyumba ya kulia alileta chakula cha mchana, na wa nyumba ya nyuma alileta cha usiku. Mama mmoja wa Kingazija alichukua nguo zetu kila Ijumaa na kuzirudisha zimefuliwa. Nyumba ya Mabaluchi iliyokuwa mwisho wa uchochoro ilituletea mkate. Nimekuja kujua baadaye kwamba walikuwa wakitekeleza sunna kubwa kuliko walivyodhani, maana Mtume (S.A.W.) alipopata habari ya kufa kwa Ja'far bin Abi Talib katika vita vya Muuta, aliamrisha watu wa nyumba ya Ja'far watengenezewe chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Sunna ile haikukomea siku tatu kwetu sisi. Ilidumu eda nzima.

Lakini chakula ni siku mbili za mgeni. Jembe lilikuja eda ilipokwisha. Wanawake wa mtaa walikuwa na mchezo wa fedha, ule ambao wengine huuita upatu: kila mmoja hutoa kiasi kila wiki, na kila wiki mmoja hupokea zote kwa zamu. Walimwingiza mamangu, na kwa makubaliano yao wakampa zamu ya kwanza. Yeyote aliyewahi kucheza mchezo huu anaijua thamani ya jambo hilo. Anayepokea mwanzo anaweza kushindwa kulipa wiki zinazofuata, na hasara ikawaangukia wote. Walimpa zamu hiyo mjane asiye na kitu, mke wa Mshihiri aliyekufa na deni. Kwa fedha zile alinunua unga, sukari, nazi, mbaazi na karai, akaanza kupika mahamri na mbaazi kila alfajiri. Usiku alishona kofia. Mimi na ndugu yangu anifuataye tulizungusha sinia kabla ya kwenda skuli. Mamangu hakukosa hata wiki moja ya mchezo. Deni la duka alilimaliza kwa miaka mitatu.

Sitaki kuipaka rangi hadithi hii nikaonyesha kwamba watu wote walikuwa malaika. Mwenye nyumba mmoja alitaka kututoa kabla eda haijaisha, mpaka wazee wa msikiti walipokwenda kukaa barazani kwake na kukataa kuondoka. Tajiri mmoja alileta sadaka, kisha akasimama mbele ya watu akatangaza kiasi alichotoa na nani alimpa. Mamangu alinituma nikairudishe. Nililia, kwa kuwa bahasha ile ilikuwa na ada yangu ya skuli ya muhula mzima. Akaniambia, "Mwanangu, nimefiwa na mume, sikufiwa na haya." Siku ile sikumwelewa. Leo, kila nisomapo katika Suratul Baqara kwamba neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na maudhi, naiona ile bahasha mkononi mwangu.

Na watoto? Watoto walikuwa kama walivyo leo. Nikipita na sinia kichwani waliniita "mwana wa Mshihiri, uza mpaka kanzu." Maneno hayo yalinifuata mpaka chuoni. Maalim wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyasikia siku moja. Hakumchapa mtu. Alinyamaza mpaka kesho yake, kisha akaniita mbele, akanipa watoto wadogo saba na ubao mmoja, akasema, "Hawa ni wako. Wafundishe alifu mpaka yaa." Tangu siku ile waliokuwa wakinicheka walikuwa wakiwaleta wadogo zao kwangu. Maalim alinipa jembe. Hii kalamu ninayoandikia sasa naihesabu kuwa ni mpini wake.

Mji uliojengwa na waliopokewa

Tukimtazama mgeni kwa jicho la dharau, huwa tumeusahau mji wetu wenyewe. Soma majina ya Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Kati ya yale Tisa mna Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni. Majina hayo yanatuambia wazi kwamba waliobeba walitoka visiwani na pwani ya kaskazini, wakaingia Mvita wakapokewa, leo wao ndio wenyeji. Tembea Mji wa Kale, kutoka Ngomeni hadi Kibokoni na Bandari ya Kale, utakuta misikiti ya watu waliokuja kwa nyakati mbalimbali, nayo yote huadhiniwa adhana moja.

Itazame na elimu yetu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mwanachuoni mkubwa na kadhi wa Unguja, alizaliwa Ngazija mwaka 1861, na babake alikuwa mtu wa Shibam, Hadhramaut. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu, ni wa nasaba ya Kihadhrami. Wote wawili walifariki Unguja mwaka 1925. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi wa Unguja aliyefariki mwaka 1869, alikuwa mzaliwa wa Barawa. Habib Swaleh, ambaye Msikiti wa Riyadha wa Lamu umeshikana na jina lake, alizaliwa Ngazija akaja Lamu kijana, akawasomesha hata wale ambao jamii iliwaona hawastahiki kusomeshwa. Alifariki mwaka 1935.

Naye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891, alifiwa na babake angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akachota elimu kwa wale wanachuoni wa Unguja niliowataja. Ndiye aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Yatima wa Mombasa alifunzwa na wana wa wageni, na matunda yake tunayala sote mpaka leo. Ingekuwaje lau kila mmoja wa hawa angefika mlangoni akaambiwa, wewe si wa hapa?

Wengine walikuja katika uhai wetu. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, familia nyingi zilivuka kuja Mombasa zikiwa na mabegi tu. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabarawa na Wabajuni walikuja kwa majahazi na mashua, wengine wakiwa wamepoteza jamaa baharini. Wengi waliishi katika kambi pembezoni mwa mji, kama ile ya Utange, mpaka zilipofungwa katika miaka ya 1990. Wengine waliingia majumbani mwetu. Lugha ya Wabarawa, Chimwini, ni ndugu wa Kiswahili, na akina mama walikuwa wakicheka na kushangaa jinsi walivyoelewana jikoni kabla waume hawajaelewana barazani. Baadhi yao wako Uingereza na Marekani hivi leo, na wao nao wanajifunza kuwa wageni katika miji ya watu.

Ndugu wawili wa Madina

Mfano wetu mkubwa u Madina. Muhajirina walifika wakiwa wameacha nyumba na mali zao Makka. Mtume (S.A.W.) hakuwajengea kambi. Aliwaunga udugu, mtu kwa mtu, Muhajiri mmoja kwa Ansari mmoja. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Sa'd bin Rabii, mmoja wa matajiri wa Madina. Sa'd alimwambia kwamba amgawie nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali na watu wake, kisha akamwomba jambo moja tu: amwonyeshe soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza samli na jibini kavu, na haukupita muda akaoa, na Mtume akamwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja.

Kisa hiki tumezoea kukisimulia kwa kumsifu Sa'd kwa ukarimu, au Abdurrahman kwa kujitegemea. Mimi nawaomba tuwatazame wote wawili pamoja. Bila Sa'd kufungua mkono, Abdurrahman angekuwa ombaomba mlangoni. Bila soko lililokuwa wazi kwake, angekuwa mlishwa wa Sa'd maisha yake yote. Madina ilitoa vyote viwili, mkono na soko, chakula cha siku mbili na jembe la siku ya tatu. Ndiyo sababu Mwenyezi Mungu akawasifu Ansari katika Suratul Hashr kwamba huwatanguliza wenzao mbele ya nafsi zao hata wakiwa wahitaji.

Basi nasema na nyinyi, mama zangu na dada zangu, kwa kuwa mlango wa nyumba u mikononi mwenu. Ikihamia familia ngeni mtaani, sinia ya kwanza ya futari ni wajibu wenu na mnaifanya vyema. Nawaomba msikomee hapo. Mama yule mgeni ana ujuzi: mpeni nafasi ya kuuza chakula chake kwenye shughuli zenu, mwingizeni katika mchezo wenu, na mkiweza, msimweke mwisho wa zamu. Sadaka yake ifike usiku, bila picha na bila kutangazwa, maana siku hizi bahasha ya yule tajiri hupitia kwenye simu na kuonwa na watu elfu. Na zaidi ya yote, sikilizeni watoto wenu wanavyoitana. Mtoto halizui neno "mkimbizi" peke yake. Amelisikia pale ambapo wakubwa walikuwa wakinywa chai.

Jawabu za wanafunzi

Baada ya mama yule kuondoka, niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani. Kila mmoja aende kwa nyanya au babu yake amuulize swali moja: sisi tulipofika Mombasa, ni nani aliyetupokea?

Wiki iliyofuata walikuja na majibu. Mmoja alisema walipokewa na mwenye nyumba wa Kuze ambaye hakuwatoza kodi miezi sita. Mwingine alisema babu yake alitoka Pate, akafunzwa useremala na mtu asiyemjua. Msichana mmoja wa Kidigo alisimama akasema, "Maalim, nyanya amesema sisi hatukupokewa na mtu. Sisi ndio tuliowapokea nyote." Tulicheka sote, nami nikamwambia afikishe salamu zangu na shukrani zangu kwa nyanya yake, maana alilolisema lina haki yake.

Yule kijana wa kucheka alikuwa wa mwisho. Alisema polepole kwamba babu wa babake alikuwa akiuza maji, na kwamba pipa lake la kwanza alipewa na mtu kwa mali kauli. Kisha akanyamaza. Sikumwongezea neno.

Mtoto wa Mukalla bado yupo chuoni. Kiarabu ni lugha ya mamake, na matamshi yake yamenyooka, kwa hiyo nimemkabidhi wanafunzi wanne wanaokosea herufi za kooni awasahihishe kila siku baada ya alasiri. Yule kijana ni mmoja wa hao wanne. Siwezi kusema kwamba wamekuwa marafiki. Nasema tu kwamba juzi nilimsikia akimuuliza mtoto yule, kwa adabu, aitamke tena herufi ya ain ili aisikie vizuri. Mwezi niliouomba umekwisha, na mama yule hajarudi kuuchukua msahafu.

Nanyi wasomaji, Ijumaa hii mkikusanyika kwenye chakula cha mchana, waulizeni wazee swali lile lile kabla hawajatutoka. Mkilipata jina la aliyewapokea, mwombeeni dua kwa jina lake. Kisha tazameni nani mtaani kwenu anasubiri kupokewa, kwa sababu wengi wa waliotupokea wako makaburini, na deni lao halina tena mahali pa kulipwa ila kwa mgeni wa leo.

Ewe Mola wetu, warehemu waliowalisha yatima wasiokuwa wao, wakawaamini wageni wasiowajua. Tujaalie tuwe warithi wa vitendo vyao, wala usitujaalie kuwa warithi wa majina tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.